Kiti cha Pius

Buswelu, Mwanza
4 Februari 2024

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe, shemeji Mhoja na watoto wote hapo nyumbani. Miguu inaendeleaje? Na presha? Sisi huku tupo. Winnie anakua, viatu vya mwaka jana havimwingii tena. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono na kumpa Kashindye akija kuuza dagaa Mwaloni, kwa sababu simu ya hapo nyumbani ukipiga inapokelewa na yeyote aliye karibu, inawekwa sauti kubwa, na unayosema yanasikika mpaka jikoni. Haya ninayotaka kusema si ya jikoni.

Shemeji amenipa taarifa kwamba ukoo umepanga kumzika Pius kwa mgomba, kwa kuwa mwili haukupatikana, na kwamba mnaningojea mimi mke nije kutupa udongo wa kwanza na kunyolewa. Mama, siwezi. Najua mwaka umepita na zaidi tangu boti ile izame, najua watu walimtafuta mpaka wakachoka. Lakini mimi sikumwona. Aliondoka asubuhi na boksi lake la spana kwenda kutengeneza injini ya mtu huko visiwani, akaniambia nimwachie chai kwenye chupa. Kila siku naijaza ile chupa. Sasa nikazike mgomba, kisha nirudi nyumbani niifanye nini chupa?

Jambo la pili. Darasani kwangu kuna mtoto naye anaitwa Pius. Nikiita majina asubuhi nilikuwa namruka. Sikujua kama namruka, mpaka baba yake alipokuja kulalamika kwamba mtoto analia nyumbani, anasema mwalimu hamtaki. Mwalimu mkuu, mzee Yeremia, hakunigombeza. Alinipa namba ya mama mmoja mshauri nasaha, ana ofisi yake binafsi pale Kirumba. Amesema Jumamosi niende nikaongee naye, na niendelee kwenda, la sivyo itabidi anitoe darasani.

Naogopa. Sijui huko mtu anafanywa nini. Niombee.

Mkweo,
Justa


Bukindo, Ukerewe
11 Februari 2024

Mwanangu Justa,

Marahaba. Barua imefika, inanuka dagaa lakini inasomeka. Hapa wote wazima. Miguu ni ileile, asubuhi inakataa, mchana inakubali. Presha nameza vidonge vya zahanati. Machungwa hayo ni ya Winnie, Kashindye asiyale njiani.

Kuhusu mgomba nitakwambia wazi, maana mimi sijui kuzungukazunguka. Unatuweka. Mtu hajazikwa, matanga yake hayaanuliwi. Mhoja hawezi kumwoza binti yake. Mimi siwezi kukata nywele, nimekuwa kama yule kichaa wa sokoni, watoto wananipisha njia. Tangu siku ile sijatia samaki wa ziwa mdomoni, kwa kuwa sijui ni yupi aliyemgusa mwanangu. Maharage yamenichosha mpaka nayaota. Njoo tumzike tupumzike. Mgomba si Pius, nani asiyejua hilo? Lakini udongo unataka upewe kitu.

Kuhusu huyo mama wa Kirumba. Je, anaombea? Anatoa dawa? Usije ukakuta ni wale wa kukwambia adui yako ni mama mkwe, wengi wao hawana neno jingine. Na kama kazi yenyewe ni kuongea tu, hapa kuna wanawake wa jumuiya watakuongelesha mpaka ukimbie. Ila kama mwalimu mkuu amesema, nenda. Kazi usiipoteze. Kisha uniandikie wanafanyaje huko, kila kitu, usinifiche.

Mama yako,
Selina


Buswelu
3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo? Machungwa yalifika, Kashindye alikula moja tu, tena akaungama mwenyewe. Miguu inasemaje msimu huu wa mvua?

Nimeshakwenda kwa yule mama, na zaidi ya mara moja. Anaitwa Bi. Sihaba, ni Mwislamu wa hapahapa mjini, amenizidi umri kidogo. Ofisi yake ipo ghorofani juu ya duka la vipuri. Nilitegemea meza kubwa na vyeti ukutani. Nilikuta viti viwili vinavyotazamana, kingine kimoja kimeegemezwa ukutani, feni na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Haombei, hatoi dawa. Alisema nikihitaji dawa ataniambia niende hospitali, na haoni aibu kusema hivyo.

Siku ya kwanza alifunga mlango, akaniambia nizime simu, naye akazima yake. Akasema yote nitakayosema yatabaki chumbani humo, isipokuwa akiona uhai wangu au wa mtu mwingine uko hatarini. Hapo atamwambia mtu, lakini ataniambia mimi kwanza kabla ya kwenda kumwambia. Halafu akaniuliza swali, mama, nusura nitoke. Aliniuliza kama nimewahi kufikiria kujiua. Aliuliza wazi tu, kama anavyouliza mtu umepanda gari gani. Nikasema hapana. Kisha nikasema sijui. Kisha nikalia, naye hakunibembeleza wala hakuniambia nyamaza. Alikaa tu mpaka nikamaliza. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniacha nimalize kulia.

Nilidhani mshauri atanishauri. Hashauri. Nikimwuliza nifanye nini ananiuliza mimi naona nini. Siku moja nilikasirika nikamwambia kama ningekuwa naona nisingepanda zile ngazi. Akacheka kidogo. Saa ikifika anasimama, hata kama uko katikati ya machozi. Anakupa maji na kukuuliza unafikaje nyumbani. Nikitoka nimechoka kama mtu aliyelima kutwa. Alinionya kwamba mwanzoni nitaumia zaidi kuliko nilivyokuja, na kweli naumia. Usingizi ndio umezidi kunikimbia.

Chupa bado naijaza. Mgomba bado siwezi. Naomba uwaambie wasinichukie.

Mkweo,
Justa


Bukindo
10 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo, mvua imeharibu njia ya kisimani. Hakuna anayekuchukia, wanakusema tu, ni tofauti.

Nimesoma barua yako na kuirudia. Basi huyo Bi. Sihaba analipwa kwa kazi gani, kukutazama? Hata mimi naweza kufunga mlango nikamtazama mtu. Lakini hilo la kumwacha mtu amalize kulia, hilo nimelifikiria sana. Hapa nikianza tu, Mhoja anasema, mama, utapandisha presha. Wake za wanangu wanakuja na kikombe cha maji. Nameza maji na kilio pamoja.

Muulize jambo kama ni lako mwenyewe, usinitaje. Mtu akiwa ameketi uani mchana kweupe, akasikia hatua za mtu anayemfahamu zinatoka kwenye geti, akageuka na kukuta hakuna, huo ni ugonjwa? Na kama ni ugonjwa, unaisha, au mtu anauzoea?

Uniandikie upesi.

Mama yako,
Selina


Buswelu
14 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na mvua. Pasaka ilipita kimya kwetu, Winnie aliimba kwaya, nikamsikiliza mpaka mwisho bila kutoka nje. Kwangu hiyo ni hatua.

Nilimwuliza swali lako. Akanitazama, akasema, "Hilo swali ni la nani?" Kumdanganya yule mama ni kazi. Nikasema ni la mama mkwe wangu. Akasema mambo hayo huwapata waliofiwa, hayana maana kwamba mtu ameharibika akili, lakini mwenye nayo asibaki nayo peke yake. Akasema kwa barua hawezi kumsaidia mtu ambaye hajamwona uso. Kisha akasema, "Mlete."

Sasa nikueleze kilichonitokea mimi. Unakumbuka kile kiti cha tatu cha ukutani? Jumamosi moja alikivuta akakiweka mbele yangu. Akasema nifikirie Pius ameketi hapo, nimwambie ambalo sikupata kumwambia. Niliona ni mchezo wa watoto. Nilikaa nikitazama kiti, nimenuna. Halafu sijui neno lilitoka wapi, nikaanza kumgombeza. Nilimgombeza kwa kupanda boti ya watu bila jaketi wakati yeye mwenyewe alikuwa anawasema wenzake. Nilimgombeza kwa kuniachia chai. Nikapaza sauti mpaka nadhani dukani chini walisikia. Nilipomaliza, Bi. Sihaba akanishika mkono, akanitoa pale, tukasimama dirishani, akaniuliza naona nini nje. Nikamwambia naona mtu anauza mahindi.

Jioni ile nilimwaga chai. Nikaosha chupa, nikaiweka kabatini. Nikalala, mama. Nililala mpaka Winnie akaja kuniamsha.

Mkweo,
Justa


Bukindo
28 Aprili 2024

Mwanangu mpendwa sana,

Marahaba mara nyingi. Nakuandikia nikiwa na moyo mwepesi, jambo ambalo sikutegemea tena.

Nimefanya kama ulivyoeleza. Walipokwenda shambani wote, nilifunga mlango wangu. Nilichukua kile kiti cha mkonge alichokuwa anapenda kukalia Pius akija, nikakiweka mbele ya kitanda, nikalitundika koti lake mgongoni mwa kiti. Lile la kaki lenye harufu ya mafuta ya injini, hujalisahau. Nikamwambia, mwanangu, karibu.

Alikuja, Justa. Sikumwona kwa macho, sikudanganyi. Lakini nilimwuliza kama anasikia baridi, nikajua jibu. Nilimweleza habari za Winnie. Nilimweleza kuhusu wewe na chai, akacheka kile kicheko cha puani. Sasa kila mchana wakienda shamba ninafunga mlango. Hakuna anayejua. Hakuna wa kuniletea maji.

Kwa nini hukuniambia mapema? Mwaka mzima nimekaa kama gogo, kumbe dawa ilikuwa kiti.

Na neno jingine. Nimemwambia Mhoja aache mambo ya mgomba. Ameshangaa, maana mimi ndiye niliyekuwa namsukuma. Lakini fikiria mwenyewe. Tukishamzika, atakuja kuketi kwangu vipi?

Mama yako mwenye furaha,
Selina


Buswelu
5 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Mwili unaendeleaje? Unakula?

Barua yako imenitoa jasho. Niliipeleka kwa Bi. Sihaba. Nisamehe, lakini niliisoma mbele yake yote. Hakucheka na hakusema umekosea. Alisema kile kiti hakifanywi hivyo. Kinafanywa mtu mwingine akiwa chumbani, wa kukuinua ukimaliza na kukupeleka dirishani. Kinafanywa ili umwage yaliyo moyoni na umwage mwisho wake. Si cha kumngojea mtu aje kila siku. Mimi katika kukuandikia nilitia chumvi kwenye makelele yangu, nikapitisha haraka lile la kushikwa mkono. Niliona ni jambo dogo.

Mama, naomba uje Mwanza. Nitakungoja bandarini mimi na Winnie. Utalala kitandani kwangu, mimi nitalala na mtoto. Nitakupeleka Kirumba mwenyewe, tutapanda zile ngazi polepole, na ukiona hapakufai tutashuka.

Na kuhusu mgomba, mimi sasa niko tayari. Nimechelewa kulisema, lakini niko tayari. Nitatupa udongo, nitanyolewa. Kinachonisumbua ni meli tu, bado sijaweza kutia mguu kwenye maji. Bi. Sihaba ananipeleka kidogokidogo. Juzi tulisimama ufukweni nikavua viatu.

Njoo, mama.

Mkweo,
Justa


Bukindo
2 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, Kashindye alikuwa anauguza.

Wewe mwenyewe huwezi kupanda meli, unataka mimi nipande. Sikiliza nikwambie sababu yangu, maana yako ni woga na yangu si woga. Mtu aliyelala harukwi. Hata mtoto mdogo akilala mkekani tunamzunguka. Mwanangu amelala humo majini, wala hakuna anayejua ni wapi. Meli ikitoka Nansio mpaka Mwanza, ni sehemu gani nitasema hapa sijamruka? Nikimpata wa kunionyesha alipo, nitapanda.

Sitaki mgomba. Nilimsukuma Mhoja, nikakusukuma na wewe, sasa wewe umegeuka unasukuma peke yako. Mniache.

Umeuliza kama nakula. Nakula kinachoingia. Vidonge vya presha vimeisha tangu zamani na sijavifuata. Pius haniambii nivifuate. Mchana mmoja nilimwuliza, mwanangu, nije? Hakukataa. Sijasema nitafanya kitu, mimi ni mtu wa kanisa. Nimesema tu sioni haja ya kukimbizana na zahanati ili nibaki huku.

Haya ni ya kwako wewe. Usimwambie Mhoja. Si umeniandikia kwamba huko yote yanabaki chumbani? Basi na haya yabaki.

Mama yako,
Selina


Buswelu
6 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sitauliza habari leo, nimezisoma.

Nilikueleza pia kwamba kuna kitu kimoja ambacho hakibaki chumbani. Uhai wa mtu. Na nilikueleza kwamba mtu anaambiwa kwanza. Kwa hiyo nakwambia kwanza. Jumapili nitampigia shemeji Mhoja nimwambie kuhusu vidonge, na kwamba usiachwe peke yako mchana. Nimempa Kashindye barua hii leo makusudi, akasema kesho itakuwa mkononi mwako.

Nichukie ukiwa hai, mama.

Mkweo,
Justa


Bukindo
23 Juni 2024

Kwa Justa,

Marahaba.

Barua yako ya kuniambia kwanza ilinifikia Jumatano. Ziwa lilichafuka, boti hazikutoka. Kikao kilikuwa kimeshafanyika Jumatatu.

Sikujua ni kikao cha nini. Niliona wazee wanaingia, mjomba wa akina Mhoja, Ndalahwa, katekista na wanawake wa jumuiya, nikadhani ni posa ya binti wa Mhoja, nikaenda kubadili kitenge. Mhoja alisimama akaeleza mbele ya wote. Alilia akieleza, sisemi ananichukia. Kila mtu alipewa nafasi ya kuchangia. Wakatoa maoni kuhusu moyo wangu mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaochangia harusi.

Kisha Ndalahwa akasema kiti kiletwe uani. Wakakileta na koti lake likiwa juu. Akasema, dada, tunataka uone kwamba hiki ni kiti tu. Akakikalia. Akasimama, akakaa Mhoja. Wakapanga foleni, Justa. Wakakaa wote, hata wake zao, hata mtoto wa jirani aliyekuja kuazima chumvi. Walikuwa wananisaidia. Nilikuwa natazama watu wakimkalia mwanangu.

Dawa zimeletwa. Mhoja ananipa kila asubuhi na anasimama mpaka nimeze. Kwa hiyo nakunywa dawa vizuri, ulilotaka limekuwa.

Msalimie Winnie.

Selina


Buswelu
14 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na hapo nyumbani? Miguu?

Nilipoisoma barua yako nilikaa chini jikoni. Nilimwambia shemeji akukalishe na mtu. Nilimwomba atoke nje na simu, nikamwambia polepole, kwa sauti ya chini, na akasema amenielewa. Nilipaswa kujua. Kwetu jambo zito huletwa mbele za watu, na mimi niliyekulia humohumo nilisahau hilo kwa sababu nimezoea mlango wa Kirumba.

Bi. Sihaba hakunitetea wala hakunilaumu. Nilimwambia nilifanya alivyonifundisha, na tazama. Akasema ndiyo, nilifanya sawa na imeumiza, vyote viwili. Sikupenda jibu hilo. Jumamosi iliyofuata sikwenda. Iliyofuata tena nikaenda.

Nina habari moja. Shule zimefunguliwa, nikaita majina. Nilipofika kwake niliita Pius. Mtoto akasimama wima akasema, "Nipo, mwalimu." Wenzake wakapiga makofi, sijui nani aliwaambia. Nikaendelea na majina mengine mpaka mwisho. Nilitaka wewe uwe mtu wa kwanza kujua.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mkweo,
Justa


Buswelu
25 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kashindye anasema barua ya Julai uliipokea, ukaiweka chini ya mto bila kuifungua. Anasema umekonda. Anasema unapokea salamu vizuri tu, ndiyo maana watu wanasema umepona.

Shemeji amepanga kuzika mgomba Jumamosi ya tarehe 28 Septemba. Nitakuja. Nimeshapanda meli na Bi. Sihaba ikiwa imefungwa bandarini, tukakaa humo mpaka walipotutoa. Nitaweza. Kuhusu kumruka, nimefikiria hivi, unisahihishe kama nakosea. Nitasimama pembeni ya meli na kumwomba radhi njia nzima. Mtu akipita karibu na aliyelala, akasema samahani, huwa tunamsamehe.

Sitaki unisamehe kwa barua. Nataka nikae chini karibu na miguu yako uninunie mpaka uchoke.

Mkweo,
Justa


Bukindo
8 Septemba 2024

Mwanangu Justa,

Marahaba. Barua zote nimezifungua leo, nimezisoma kwa mpangilio. Nimefurahi kuhusu yule mtoto. Kila siku muite kwa sauti.

Sina hasira tena, hasira inataka nguvu. Hilo la kumwomba radhi njia nzima nimelipenda. Ningelifikiria mapema labda ningekuja.

Mgomba umeshachaguliwa, ule wa nyuma ya jiko. Umenyooka, urefu wake kama yeye. Ukifika, njoo chumbani kwangu kwanza kabla hujasalimia wengine. Kiti wamenirudishia, lakini tangu wakikalie haji. Nafunga mlango, namngoja, namwita. Haji. Sasa hata mchana sina pa kwenda.

Dawa nakunywa vizuri.

Mama yako,
Selina


Buswelu
6 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimezoea hapa kuuliza miguu na presha. Leo sijui niulize nini.

Bi. Sihaba alikivuta kile kiti jana akakiweka mbele yangu. Akasema niongee na wewe. Nilikataa. Nilimwambia mimi na mama hatukuwa watu wa kiti, tulikuwa watu wa barua. Akasema basi andika.

Nilipanda meli kama nilivyoahidi. Nilisimama pembeni, nikamwomba radhi Pius njia nzima, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nasali rozari. Tulipofika Nansio nilimwona shemeji Mhoja kwenye gati amenyoa kichwa. Nikajua wamemzika Pius bila kuningoja. Nilianza kumgombeza palepale, mizigo ya watu inashushwa, nikamwambia yote ya kikao na ya kiti. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Shemeji, si Pius. Ni mama."

Ulianguka Ijumaa ukitoka kuchuma mchicha. Hukusema neno. Simu yangu walipiga nikiwa darasani nimeizima, na jioni mimi sikuipokea kwa sababu nilikuwa nafunga begi na niliona namba ya nyumbani, nikajisemea ni yale ya jikoni, nitayasikia nikifika.

Nilikwenda chumbani kwako kwanza kabla ya kusalimia mtu, kama ulivyoagiza. Kiti kilikuwepo na koti lake mgongoni. Nililichukua nikalinusa, nikasikia kitu kikichakacha mfukoni. Vilikuwa vidonge, mama. Mfuko umejaa. Vingine vimelainika kwa mate na kukaukia kwenye kitambaa. Kumbe kila asubuhi Mhoja alikuwa anasimama akikutazama unaviweka mdomoni, anageuka akiridhika, na wewe unaviweka kwa Pius.

Sikumwambia. Nilivitupa chooni. Analia kama mtoto, anasema afadhali mama alikuwa anameza dawa zake. Hilo litabaki chumbani. Sasa halimwokoi mtu.

Kaburi lililochimbwa kwa ajili ya mgomba walikupa wewe. Wazee walibishana kidogo, wakachimba jingine dogo pembeni, mgomba ukaingia humo na koti lake juu. Mimi nilitupa udongo wa kwanza pande zote mbili. Nasi wengine tukanyolewa. Winnie anasema kichwa changu kinafanana na cha baba yake.

Niliporudi nilisimama upande uleule wa meli. Sikuomba radhi tena. Yeye amezikwa, nami nikapita kama watu wengine, na hilo ndilo lililonivunja. Nilitaka nije nikusimulie kwamba maji sasa yanapitika. Kiti chako nimekuja nacho. Kipo sebuleni, hakuna anayekikalia, na sifungi mlango.

Kila Jumamosi bado naenda Kirumba. Analia mtu mmoja tu mle ndani, na anaachwa amalize. Laiti nawe ungepata hilo walau siku moja.

Jumanne Kashindye atakuwa Mwaloni. Alikuwepo makaburini, alilia kutuzidi. Nitampa barua hii kama kawaida. Najua ataipokea, ataitia kwenye kapu lake, na hataniuliza anampelekea nani.

Mkweo,
Justa